Kasisi wa Weybridge: Kuisoma Upya Riwaya ya The War of the Worlds

Katika toleo lililofupishwa ambalo wengi wa rika letu tulilisoma katika shule ya sekondari, kasisi wa Weybridge anapewa kurasa chache tu. Analia, anakula chakula kilichowekwa akiba, anapiga kelele wakati usiofaa, anakufa. Mtoto anayesoma haraka haraka ili azirudie mashine za miguu mitatu hana sababu ya kumsikitikia, nasi hatukumsikitikia. Riwaya yenyewe, The War of the Worlds ya Mwingereza H. G. Wells, tuliipenda kupita kiasi. Ilipokezanwa bwenini mpaka jalada likang'oka, na walikuwapo wenzetu walioweza kusimulia bila kitabu jinsi manowari Thunder Child ilivyozivamia mashine za adui baharini. Sasa, baada ya miaka mingi, tumeisoma tena, safari hii katika maandishi kamili, na kasisi yule ndiye aliyetushika. Makala hii inamhusu yeye zaidi kuliko inavyowahusu viumbe wa sayari ya Mirihi.

Wapo watakaouliza kama jarida la theolojia ni mahali pa kuzungumzia hadithi za namna hii. Jibu letu ni fupi. Riwaya hii inaye mhusika mmoja aliyewekewa mikono kwa ajili ya huduma ya Neno, na mwandishi anauliza, kwa ukali ambao wachungaji hatuna desturi ya kuelekezwa, mtu wa namna hiyo ana kazi gani siku mji unapoteketea. Swali hilo hatukulitunga sisi, wala hatuwezi kulikwepa kwa kusema kwamba aliyelitunga hakuwa mtu wa kanisa.

Kwa wasioijua, hadithi ni hii. Viumbe wenye akili kuliko binadamu, ambao sayari yao inazidi kupoa, wanairukia dunia wakiwa ndani ya mapipa makubwa ya chuma. La kwanza linaanguka karibu na mji mdogo wa Woking, kusini-magharibi ya London. Wenyeji wanawaendea na bendera nyeupe. Wanateketezwa kwa mwale wa joto. Kisha zinatoka mashine zinazotembea kwa miguu mitatu, mirefu kuliko nyumba, na katika muda wa siku chache jeshi la taifa lenye nguvu kuliko yote ya wakati ule linasambaratika na watu wa London wanamiminika barabarani kama maji. Msimulizi, ambaye ni mwandishi wa mambo ya falsafa, anatenganishwa na mkewe, anajificha, anashuhudia mengi. Mwishoni wavamizi wanakufa wote, si kwa mizinga, bali kwa bakteria, maana miili yao haikuwa na kinga dhidi ya vijidudu vya dunia hii.

Wells alizaliwa mwaka 1866 huko Bromley, katika familia ya kipato kidogo, na mama yake alikuwa Mprotestanti mcha Mungu sana. Mwaka 1884 aliingia chuo cha sayansi cha South Kensington akafundishwa na Thomas Huxley, mtetezi mkuu wa Darwin. Imani ya mama yake aliiacha mapema. Katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1917, alitoa kitabu kuhusu Mungu wa aina yake mwenyewe, na baadaye akakikana. Hayo yanatosha. Msomaji akitaka kuipuuza riwaya kwa sababu ya maisha ya mwandishi anayo nafasi, lakini atakuwa amejinyima jambo.

Tumwendee sasa kasisi. Msimulizi anakutana naye kando ya mto Thames, baada ya mapigano ya Weybridge na Shepperton. Yeye msimulizi ameungua kwa maji yaliyochemshwa na mwale wa joto, ana homa, amelala usingizi mzito kando ya ua wa miti. Anapozinduka anamkuta kijana mmoja ameketi karibu naye, uso umemsawijika, anaitazama mbingu. Anamwomba maji. Kijana anatikisa kichwa na kumweleza kwamba kwa muda wa saa nzima amekuwa akiomba maji. Tulipokuwa watoto sentensi hiyo ilitupita. Lakini maana yake ni kwamba mtu huyu, ambaye riwaya nzima itamwita mwoga, alikaa saa nzima karibu na mgonjwa asiyemjua, katika nchi iliyokuwa ikiungua, asiondoke. Maji hakuwa nayo. Alikuwapo tu. Wells hakuliona jambo hilo kuwa na uzito, au aliliona akaliacha lipite. Sisi tunaliandika hapa kwa sababu katika kurasa zote zinazofuata hakuna mwingine atakayemtetea.

Baada ya hapo kasisi anafungua kinywa, na yote anayosema ni mabaya kwa namna ambayo kila mchungaji ataitambua. Anauliza kwa nini mambo haya yameruhusiwa, na ni dhambi gani iliyotendwa. Ibada ya asubuhi ilikuwa imekwisha, alikuwa akitembea ili kutuliza kichwa kabla ya kazi ya alasiri, na ghafula moto ukashuka kama juu ya Sodoma na Gomora. Anaililia kazi iliyoharibika, shule za Jumapili, kanisa lililojengwa upya miaka mitatu tu kabla ya hapo. Hamtaji mtu hata mmoja kwa jina. Tumeyapitia maneno yake mara kadhaa tukitafuta jina la mzee wa kanisa, la mjane, la mtoto wa kipaimara, hakuna. Lipo jengo na ipo kazi. Hapo ndipo, kwa maoni yetu, Wells anapiga mahali penyewe, tena bila kupiga kelele. Sisi tunaoandika taarifa za mwaka za usharika tunajua jinsi mabati na matofali yanavyotangulia watu.

Msimulizi anamjibu kwa ukali. Anauliza dini ina faida gani ikiwa inaporomoka mara maafa yanapofika, anamkumbusha matetemeko, mafuriko, vita na volkano zilizoangamiza watu zamani, na kumwambia, kwa mzaha mchungu, kwamba Mungu hakuikatia Weybridge bima. Jibu hili linapendwa sana na wasomaji wa Wells, na tunakiri kwamba lina ukweli. Linakaribiana na lile Bwana wetu alilowajibu walioleta habari za Wagalilaya na za mnara wa Siloamu katika Luka 13: wale waliokufa hawakuwa wakosaji kuliko wengine. Lakini tazama tofauti. Yesu anawageuzia wasikilizaji wito wa toba, maana yake bado anataka wao wapone. Msimulizi hamgeuzii kasisi chochote. Amemnyamazisha, basi. Theolojia sahihi inaweza kutumika kama rungu, na katika riwaya hii, kama tutakavyoona, inatangulia rungu lenyewe.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang' vikafunika sehemu za mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Siku zile yalisikika majibu ya aina zote mbili. Wako waliosema ni adhabu, na wako waliosema, kwa sauti ya mtu mwenye elimu, kwamba milima huporomoka popote mvua ikizidi. La pili ni kweli. Hata hivyo hatujui mama aliyefukua tope kwa mikono anaweza kulifanyia nini.

Lipo jambo jingine katika mazungumzo yale ambalo toleo la shule, kama tunavyolikumbuka, lililiacha kabisa. Msimulizi anapotaja kwamba mmoja wa wavamizi ameuawa kwa mzinga, kasisi anashangaa: wanawezaje kuuawa, ikiwa ni watumishi wa Mungu? Kwake, Wamirihi ni mjumbe wa hukumu. Msomaji wa Agano la Kale atakumbuka Isaya 10, ambamo Ashuru ni fimbo ya ghadhabu ya Bwana. Ila kasisi amesoma nusu ya sura. Katika nusu ya pili fimbo yenyewe inahukumiwa, kwa kuwa ilijisifu na kudhani nguvu ni zake. Ajabu ni kwamba riwaya inaikamilisha sura hiyo bila kasisi kuwapo. Msimulizi anapofika London na kuwaona wavamizi wamelala wamekufa, wazo la kwanza linalomjia ni la Senakeribu, mfalme wa Ashuru, ambaye jeshi lake lilipigwa usiku na malaika katika 2 Wafalme 19. Kwa hiyo Ashuru inatajwa na yule asiyeamini sana, mahali ambapo yule aliyeamini alipaswa kusimama na kuitaja. Hatudhani ni bahati tu. Wells alilelewa na Biblia na alijua anachofanya.

Luther aliandika mwaka 1527 barua ndefu kwa Johann Hess, mchungaji wa Breslau, aliyeuliza kama Mkristo anaruhusiwa kuikimbia tauni. Mwaka huo huo tauni iliingia Wittenberg, chuo kikuu kikahamishiwa Jena, lakini Luther na Bugenhagen walibaki. Barua hiyo haina ushujaa wa bure. Luther anakubali kwamba kuukimbia mauti si dhambi kwa yule ambaye jirani zake wana wa kuwatunza. Anataka watu watumie dawa, wafukize nyumba, wasiende mahali wasipohitajika. Ila wahubiri na watu wa serikali anawafunga kwa wajibu wao: hao wakae, maana wakati wa kufa ndio wakati watu wanapowahitaji zaidi. Tukimpima kasisi wa Weybridge kwa kipimo hicho anaonekana amepungukiwa, lakini si kama msimulizi anavyodhani. Kosa si machozi. Manabii walilia. Kosa ni kwamba hakuuliza watu wake wamekimbilia wapi.

Sehemu iliyo nzito kuliko zote ni ile ya nyumba iliyobomoka. Pipa la tano linaanguka karibu na nyumba ambamo wawili hawa wamejificha, na kwa muda wa siku kama 15 msimulizi anakaa amefukiwa humo, wavamizi wakifanya kazi hatua chache nje ya ukuta. Chakula ni kidogo. Msimulizi anakigawa kwa kipimo, kasisi anakula na kunywa bila kiasi. Wanagombana kwa kunong'ona, wanapigana bila sauti. Wells alikuwa na kipaji cha kuonyesha jinsi utu unavyochakaa. Katika siku ya nane kasisi anaanza kusema kwa sauti kubwa. Anaungama. Anasema maskini walikanyagwa mavumbini naye akanyamaza. Kwamba alihubiri upuuzi uliopendeza masikio, wakati ilimpasa kusimama na kuwaita watu watubu hata kama angekufa kwa ajili hiyo. Anaendelea hivyo, kelele zikizidi, mpaka kesho yake anapoinuka kwenda nje kutoa ushuhuda wake. Msimulizi anamfuata na chombo kizito cha kukatia nyama, dakika ya mwisho anageuza upande wa makali, na kumpiga kwa upande butu. Kasisi anaanguka. Mkono wa chuma wa Mmirihi unaingia, unapapasa, unaukokota mwili na kwenda nao.

Wahakiki wengi hulisoma tukio hili kama ushindi wa akili juu ya wazimu, na wengine kama dalili ya chuki ya Wells kwa makasisi. Sisi tunaona jambo lisilotajwa mara nyingi. Maungamo ya kasisi ni kweli. Kila neno lake lingeweza kutoka kinywani mwa Amosi. Kichaa au si kichaa, siku ile anafikia mahali ambapo siku zote za huduma yake hakufika: anaacha kuuliza wengine wametenda dhambi gani, anaitaja yake, tena kwa jina. Na asikiaye hasikii maungamo. Anasikia kelele zinazohatarisha maisha. Tusimhukumu kwa wepesi. Wavamizi walikuwa nje ya ukuta. Lakini Katekisimo Ndogo inatufundisha kwamba maungamo yana sehemu mbili, kuungama dhambi na kupokea ondoleo, na katika nyumba ile sehemu ya pili haikuja.

Wala haikuja kwa msimulizi. Siku kadhaa baadaye, akiwa peke yake huko Putney, usiku unamrudisha kwenye kifo kile. Anasema hajutii, lakini anasimama kama mshtakiwa mbele ya dhamiri yake, na kwa kuwa hapakuwa na shahidi anamwachia msomaji aamue. Haya nayo ni maungamo, yameandikwa kwa mtu asiyeweza kumjibu. Mtu pekee katika riwaya nzima aliyewekwa wakfu kutamka ondoleo la dhambi ndiye aliyempiga. Makala za Smalkald za mwaka 1537 zinaongeza, baada ya mahubiri, sakramenti na funguo, njia moja zaidi ambayo Injili hutujia kwayo: mazungumzo na kufarijiana kwa ndugu. Watu wawili walikaa gizani siku tisa, na kila mmoja angeweza kuwa ndugu wa namna hiyo kwa mwenzake. Chakula kilipimwa vizuri sana.

Usiku ule wa Putney msimulizi anaomba. Anakiri kwamba tangu vita vianze alikuwa amenong'ona maombi kama mtu anavyotamka maneno ya hirizi. Sasa anaomba kwa akili timamu, uso kwa uso na giza la Mungu. Hatukumbuki kulisoma hilo utotoni, na tunashuku lilikatwa. Mwanafunzi wa Luther atafikiria Mungu aliyejificha. Tusimvute Wells mpaka Heidelberg, maana giza lake halina msalaba ndani yake, na Luther katika mdahalo wa mwaka 1518 hakutuambia tumtafute Mungu gizani tu, bali katika mateso ya Kristo. Hata hivyo kinachofuata kinashangaza. Kulipopambazuka mtu aliyekuwa amezungumza na Mungu anatoka nyumbani akinyata kama panya, kiumbe kinachowindwa, na kuwaza kwamba huenda panya nao humwomba Mungu kwa matumaini. Anasema vita hivi, kama havikufundisha kingine, vimefundisha huruma kwa viumbe walio chini ya utawala wetu. Ni ukurasa bora kuliko wote wa kitabu. Mafundisho yetu juu ya Mwanzo 1 na utawala wa mwanadamu yangenufaika nao.

Juu ya askari wa mizinga hatutakawia. Anakutana na msimulizi muda mfupi baadaye, ana mpango wa kuijenga upya jamii ya wanadamu katika mifereji ya majitaka chini ya London, kwa watu wenye nguvu na akili tu. Walio dhaifu wafe, na afadhali wakubali kufa. Ametoa bwawabwa la maneno, amechimba shimo dogo, kisha anatoa mvinyo na karata. Utotoni tulimwona shujaa mpaka kwenye karata. Wells anamcheka, lakini hamchukii kama anavyomchukia kasisi, na katika vitabu vyake vya baadaye mawazo yanayofanana na ya askari huyo, juu ya watu wanaostahili na wasiostahili kuzaa, yanasemwa bila kicheko. Karne ya ishirini ilionyesha yanaelekea wapi.

Yote haya yangeweza kuandikwa na msomaji wa popote. Lipo jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki halazimiki kulitafuta. Katika sura ya kwanza kabisa Wells anawaambia Waingereza wasiwahukumu Wamirihi kwa ukali kabla ya kukumbuka walichowafanyia wenyeji wa Tasmania, waliofutwa katika muda wa miaka 50. Wazo la riwaya lilitoka katika mazungumzo na kaka yake Frank juu ya kisiwa hicho, na kitabu kimetabarukiwa kwake. Kwa mwaka 1898 hayo ni maneno ya ujasiri. Lakini yasome polepole. Anasema walifutwa ingawa walifanana na binadamu, kana kwamba ubinadamu wao ulikuwa mfanano tu. Tena hawakufutwa: wazao wao wako hai hadi leo na wanadai ardhi na mifupa ya wazee wao. Anayewaonea huruma amekwisha kuwazika.

Mwaka huo huo wa 1898, mwezi wa Julai, Mkwawa wa Wahehe, aliyelipiga jeshi la Wajerumani huko Lugalo mwaka 1891 na ambaye boma lake la Kalenga lilivunjwa kwa mizinga mwaka 1894, alijipiga risasi asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa. Fuvu lililotambuliwa kuwa lake lilirudi Kalenga mwaka 1954. Mwezi wa Septemba, huko Omdurman, jeshi la Kiingereza lenye bunduki za rashasha liliwaua Wasudani wasiopungua elfu kumi katika asubuhi moja, na lenyewe likapoteza watu wasiofika 50. Kwa hiyo mwale wa joto haukuwa ubunifu. Watoto wa Iringa waliosoma riwaya hii shuleni na kukimbia pamoja na watu wa London walikuwa wakisoma habari za babu zao, zimevikwa nguo za Surrey. Hatusemi hili kwa uchungu. Wells mwenyewe alikusudia mzungu ajione upande wa pili. Hakufikiri kwamba siku moja wa upande wa pili wangeshika kitabu na kukisoma.

Je, kasisi alikuwapo katika habari ile ya kwetu? Alikuwapo. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Akeri, Meru, walipokuja kuanzisha kituo. Tunawaheshimu kama mashahidi, na ni haki. Baada ya kifo chao jeshi la Kapteni Johannes lilishuka juu ya Wameru na Waarusha. Watu wengi waliuawa, mashamba na ng'ombe vikachukuliwa. Ni vigumu kuwadai wenyeji wa wakati ule wamtofautishe aliyekuja na Kitabu na aliyekuja na bunduki, ikiwa wa pili alimlipia kisasi wa kwanza. Historia za makanisa yetu hukaa muda mrefu kwenye makaburi mawili na muda mfupi sana kwenye yale mengine. Hapo maungamo ya kasisi, kwamba maskini walikanyagwa naye akanyamaza, yanaacha kuwa habari ya Weybridge.

Na mwisho wa riwaya? Wells anasema wavamizi waliuawa na viumbe duni kuliko wote, ambavyo Mungu kwa hekima yake ameviweka duniani. Wahakiki hubishana kama alisema kwa dhihaka au kwa dhati. Sisi tunaona swali jingine ni zito zaidi. Katika nchi hizi vijidudu vilipigana upande wa mvamizi. Sotoka iliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ikashuka kusini mwa bara hadi kufikia miaka ya 1896 na 1897, ikafagia ng'ombe wa Wamaasai na wa jirani zao, njaa na ndui vikaifuata. Funza, waliovuka bahari kutoka Amerika hadi Angola mwaka 1872, nao walikuwa wakisambaa barani. Jeshi la Senakeribu halikuanguka. Waliokuwa ndani ya kuta ndio walioanguka. Mtu akihubiri kwamba bakteria wa Wells ni mkono wa Mungu, atueleze sotoka ilikuwa mkono wa nani. Na asipoweza, arudi kwa Luka 13 akae huko kidogo kabla ya kupanda mimbarini. Sotoka yenyewe ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 2011, kazi ya chanjo na ya madaktari wa mifugo, wengi wao Waafrika.

Tumeisoma riwaya hii na wanafunzi wa mwaka wa tatu katika somo la huduma ya uchungaji. Ubishi ulikuwa mkubwa, na sehemu kubwa yake ilihusu kama msimulizi angepewa ondoleo iwapo angekuja ofisini na kusema, kama anavyosema katika kitabu, kwamba hajutii. Hatukupatana. Anayetaka kuitumia asichukue toleo lililofupishwa. Nakala kamili ni rahisi kupatikana, kwa kuwa hakimiliki yake imekwisha, na sura za kwanza kutazamwa ni ile ya 13 ya sehemu ya kwanza, kasisi anapoketi kando ya mgonjwa, na zile za nyumba iliyobomoka zinazofungua sehemu ya pili. Thunder Child tumewaachia wasome wenyewe.